Flashi ya Kool & the Gang kutoka Kibuye: samaki bila kichwa

Haya watu wa Kisumu, hii ni ya wale bado wanapenda ngoma za wazee kama za Kool & the Gang, ile bendi ya Marekani. Mzee wangu alikuwa anafikisha miaka 70 na huyo ukimuuliza anataka zawadi gani anakwambia yuko sawa, sasa nikaona nimjazie nyimbo kwa flashi awe anachomeka kwa redio ya gari. Jumapili nikapitia soko la Kibuye, kuna vijana huwa wamekaa na laptopu na spika kubwa wanauza muvi na muziki, nikaambia mmoja nataka Kool & the Gang, zote, toka mwanzo mpaka mwisho. "Omera hiyo iko, kaa hapo." Flashi ya GB 16 na nyimbo ndani, mia tano. Dakika kumi hivi nimemaliza. Kwa bei na haraka sina neno.

Neno lilikuja tukiwa barabarani tunaenda Maseno. Ya kwanza Celebration, mzee akatingisha kichwa. Ya pili Celebration tena. Ya tatu Celebration na dijei fulani anaita jina lake juu ya wimbo kama makanga anaita abiria. Ya nne September, ambayo jameni ni ya Earth, Wind & Fire! Cherish, yenye mzee alikuwa anangojea tangu tutoke nyumbani, ikakatika katikati.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na hata wimbo wao mmoja wa kabla ya 1979. Hata mmoja. Hii bendi ilianza Jersey City 1964, Robert "Kool" Bell na ndugu yake Ronald na marafiki zao wa mtaa, vijana wa jazi, wakijiita Jazziacs, majina yakabadilika badilika mpaka 1969 ndo wakatoka kama Kool & the Gang. Miaka hiyo ilikuwa fanki ya tarumbeta na besi, kuimba kidogo sana, watu wanapiga kelele tu pamoja. Jungle Boogie na Hollywood Swinging zote ni za albamu ya 1973. Halafu disko ikashika dunia, fanki ikaanza kurudi nyuma, na 1979 ndo wakaleta James "J.T." Taylor aimbe na Deodato, yule Mbrazili, akawatengenezea Ladies' Night. Hapo ndipo flashi yangu inaanzia. Sasa si hiyo ni kuuziwa samaki bila kichwa, na sisi watu wa ziwa tunajua utamu uko wapi?

Sisemi za J.T. ni mbaya, usinielewe vibaya. Celebration ndo wimbo wao pekee uliofika namba moja chati kuu ya Marekani, Februari 1981, na hakuna harusi huku Magharibi inaisha bila hiyo. Na wengi hawajui, Ronald Bell alikuwa Mwislamu na alisema wazo la huo wimbo alilipata akisoma Kurani, halafu sisi tunaucheza kwa ukumbi wa kanisa tukikata keki haha.

Jumapili iliyofuata nikarudi nimejipanga kugombana. Kijana hata hakubisha. Akasema za kitambo haziulizwi, kastoma wote wanataka za harusi, halafu akafungua laptopu tukaanza kutafuta moja moja, kwa bando zangu lakini, hiyo niiseme wazi. Tulikaa karibu saa nzima, nikimwambia hii weka, hii ya dijei toa, na mwisho yeye mwenyewe akaongeza sauti kwa Funky Stuff mpaka mama wa mitumba hapo kando akaanza kutingisha bega. Hakuniitisha pesa ingine.

Tukienda tena Maseno nikaweka Summer Madness ya 1974, ile haina maneno, kinanda tu kinapanda polepole. Mzee alinyamaza kutoka Kisian mpaka karibu tufike, halafu akauliza hao watu bado wako. Nikamwambia Ronald alifariki 2020, Dennis Thomas wa saksofoni 2021, George Brown wa ngoma 2023, na mwaka uliofuata ndo wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ile ya kuheshimu wanamuziki wakubwa, Kool na J.T. wakiwepo. "Walichelewa sana hao," akasema, "rudisha hiyo ya kinanda."

Kwa hivyo nampa tatu na nusu kwa tano. Ukienda usiseme "zote", andika majina ya nyimbo kwa karatasi, na usilipe kabla achomeke kwa spika usikie kila moja mpaka mwisho, kwa sababu Cherish yangu bado inakatika.