Papa wa samaki wa Bel-Air: mimea anaijua, ila aandike majina

Kama una tangi la samaki hapa Lubumbashi na majani yake yanakufa moja moja, pita Bel-Air kabla hujanunua dawa yoyote. Duka halina kibao. Ni chumba cha mbele cha nyumba, matangi yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari. Ukimuulizia mwenye duka, mzee tunayemwita Papa wa samaki, watoto wa avenyu watakupeleka. Naandika kuhusu mimea yake. Samaki utawapata hata kwingine, lakini mtu wa kukuambia mmea ulioushika unaitwaje, umetoka wapi na unaumwa nini, mimi nimempata hapo tu.

Nina saluni Kamalondo. Tangi langu ni la lita 60, liko karibu na kioo, na wateja wanaosubiri kusukwa wanaliangalia kuliko televisheni. Sitaki majani ya plastiki humo. Samaki wanajificha kwenye majani mabichi, wanayadonoa, na maji yenyewe yanakaa safi kwa sababu mimea inakula uchafu wao.

Duka jingine la katikati ya mji, sitalitaja, liliniuzia vijiti vya kijani wakasema ni mianzi ya majini. Papa alivitazama mara moja. "Mama, hii si ya majini. Ni Dracaena sanderiana, kwao ni Kameruni, inaota kwenye udongo." Mizizi ikiwa majini na majani yakabaki hewani, itaishi miaka. Ukiizamisha yote, inaoza polepole na uozo wake unawadhuru samaki. Akanionyesha jinsi ya kutambua: mmea unaoishi chini ya maji, ukiutoa unalegea, kwa sababu shina lake limezoea kubebwa na maji, wa nchi kavu unasimama wima mkononi, na maji yanateleza juu ya jani bila kushika. Lakini hicho peke yake hakitoshi. Jani la Anubias, mmea mwingine wa matangini, ni gumu, na bado inaishi chini ya maji bila shida.

Ndiyo maana ana sahani. Ni sahani nyeupe ya bati. Anatia maji kidogo, analaza tawi moja humo na kulitandaza kwa kidole. Majani yanafunguka, na juu ya weupe ule unaona kila kitu: meno ya pembeni, mshipa wa kati, mayai ya konokono. Halafu anahesabu. Ile nyasi ya majini ambayo wauzaji wote wanaiita elodea inaweza kuwa mimea minne tofauti. Majani matatu kuzunguka kifundo kimoja, hiyo ni Elodea yenyewe. Manne au matano, laini, ni Egeria densa ya Amerika Kusini. Yakikwaruza kidole na meno yake yakaonekana kwa macho, shuku Hydrilla. Na kama hayakai kwa duara, bali yanapanda shina kwa mzunguko huku yakijikunja kuelekea chini, ni Lagarosiphon, mmea wa Afrika hii yetu.

Yangu ilikuwa Egeria, na kulijua jina kuna faida. Egeria inavumilia ubaridi vizuri, kwa hiyo Juni na Julai, saluni ikipoa asubuhi, inaendelea kukua wakati Cryptocoryne, mmea mwingine wa tangi, imesimama tu. Hiyo Cryptocoryne nayo ikihamishwa inaweza kuyeyusha majani yote. Ukiona hivyo usiing'oe, kwa kuwa mzizi uko hai na utachipua tena.

Kwenye kutafuta ugonjwa, swali lake la kwanza ni moja daima: "Mama, ni jani la zamani ao jipya?" Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mmea unaweza kutoa potasiamu, nitrojeni na magnesi kwenye majani ya zamani ukayapelekea machanga, kwa hiyo njaa ya vitu hivyo inaonekana kwanza kwa wazee. Chuma hakihamishwi hivyo. Kikikosekana, ni majani mapya yanayozaliwa na rangi ya njano huku mishipa yake imebaki kijani. Anubias yangu ilikuwa na vitobo vidogo vyenye ukingo wa njano, vyote kwenye majani ya zamani. Potasiamu, akasema, akanipa chupa ndogo ya salfeti ya potasiamu aliyoichanganya mwenyewe, na kifuniko cha kupimia. Aliongeza kwamba vitobo vya zamani havizibiki kamwe, nisiyahukumu majani hayo, niangalie yatakayofuata. Yaliyofuata yametoka mazima.

Akaniambia pia nilete glasi ya maji ya tangi. Maji ya kisima chetu yana chokaa, birika la saluni linaota magamba meupe. Kwenye maji ya namna hiyo chuma kinaganda na mmea hauwezi kukifyonza hata kama kipo, kwa hiyo kuongeza mbolea ya chuma ya kawaida kunaweza kuwa kutupa pesa. Anubias yenyewe aliitoa mchangani, kwa sababu lile shina nene linalolala likifukiwa linaoza, akasema niifunge juu ya jiwe. Nimeifunga kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Imeshika.

Kuhusu mwani alikuwa mfupi. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole ni la tangi jipya, litaondoka lenyewe. Utando wa kijani-bluu unaoteleza na kunuka ni bakteria. Uvute utoke, na upunguze chakula. Taa iwake saa sita mpaka nane kwa siku, basi. Umeme ukikatika usihangaikie majani, giza la siku moja hayalijali. Hangaikia filta iliyosimama, hasa usiku, maana gizani mimea nayo inatumia oksijeni pamoja na samaki.

Jambo moja limenifanya nimwamini. Nilitaka dawa ya konokono, naye alikuwa nayo rafuni. Hakuniuzia. Alinisomea karatasi yake: ina shaba. Sisi wa mji huu wa migodi, shaba tunaijua kwa faida yake, lakini majini, hata kidogo inaua konokono na kamba wadogo, na ikizidi mimea nayo inaumia. Alinishauri nipunguze chakula na nitoe konokono kwa mkono. Pia hauzi gugu maji, ingawa maua yake yanapendwa. Mmea ule wa Amerika Kusini uliziba njia za mashua kwenye mto Kongo tangu miaka ya 1950, na kila anayenunua matawi kwake anaambiwa asitupe mabaki mtoni wala kwenye mtaro. Nampongeza kwa hilo kwa moyo wote.

Sasa malalamiko. Hakuna tangi hata moja lenye jina la mmea. Majina yote yako kichwani mwake, na siku asipokuwepo, kijana anayemsaidia anakuuzia "nyasi" na "majani makubwa" tu. Mimea haitengwi kabla ya kuuzwa, kwa hiyo konokono wanakuja nayo. Iweke kwanza kwenye ndoo yenye mwanga wiki mbili tatu na uikague. Taa anazouza ni hafifu kwa tangi refu. Bei inategemea: tawi la Egeria ni franka chache, Anubias ni dola tatu mpaka tano kulingana na shina, na hapunguzi. Mimi naona ni haki, kwa sababu Anubias inakua polepole sana. Kufunga anajua: gazeti lililolowa, kisha sashe ya plastiki yenye hewa, na mmea unafika Kamalondo kwa pikipiki bila kuvunjika jani.

Nimemwagizia Bolbitis heudelotii, kangaga la majini linaloota kwenye mito ya Kongo. Amesema akiipata atanipigia. Ukienda, nenda asubuhi akiwepo mwenyewe, na ubebe jani lenye shida likiwa bado limelowa.