Plethismomita ya maji: mashine haina neno, angalia mstari wa kifundoni

Anayetaka kujua kama dondoo la mmea wa porini linapunguza uvimbe, mashine hii itamfaa. Hupima ujazo wa mguu wa panya: ni mitungi miwili ya maji iliyounganishwa; mguu wa panya ukizama katika mmoja, maji hupanda katika wa pili, na kihisi husoma hadi mililita 0.01. Ukikanyaga pedali, namba inaganda kwenye skrini hata panya akianza kupaparika. Pedali hiyo peke yake inastahili pesa.

Ila usahihi huo ni wa mashine, si wa mkono. Mguu ukizama milimita mbili zaidi ya jana, umeshapata "uvimbe" ambao haupo. Chora mstari wa wino usiofutika juu kidogo ya kifundo, chovya hadi hapo, pima mara tatu, chukua wastani. Mpimaji awe yuleyule, na asijue panya ametoka kundi gani. Tia kilowanishi (kitu kinachofanya maji yashike manyoya) kidogo kwenye maji, la sivyo viputo vinanasa kwenye manyoya na mashine inavihesabu kama nyama. Rudisha sifuri kabla ya kila mchovyo, maana kila mguu unaondoka na matone.

Karajinani, unga wa mwani unaoleta uvimbe, ndiyo yenye ukorofi. Asilimia 1 katika maji ya chumvi ya 0.9%, mililita 0.1 chini ya ngozi ya unyayo. Nyunyiza unga kidogokidogo huku ukikoroga. Ukiumwaga wote kwa mpigo unafanya madonge, sindano inaziba, na kila panya anapata kiasi tofauti.

Dondoo lipewe kwa mdomo saa 1 kabla. Likichomwa tumboni na likawa linawasha, mwasho huo wenyewe unaweza kushusha uvimbe wa mguu, nawe ukadhani umepata dawa. Kundi moja lipate kimiminika kitupu kisicho na dondoo, jingine indomethasini, dawa ya uvimbe inayozuia prostaglandini, miligramu 10 kwa kilo ya uzito. Pima kabla ya sindano, kisha saa ya 1, 3 na 5, ukitoa kipimo cha awali. Kemikali za mwili zinazoleta uvimbe hupokezana: saa ya kwanza ni ya histamini na serotonini zaidi, prostaglandini hutawala baadaye. Dondoo linalofanya kazi saa ya kwanza tu lisilinganishwe na indomethasini.

Kwa panya wadogo agiza mtungi mwembamba. Kazi ikiisha mwaga maji, suuza kwa maji yaliyokenekwa: chumvi ikikaukia kwenye elektrodi za kihisi, usomaji wa kesho utayumba.