Masomo ya kroshe Nyawera: lipia mafundisho, pakiti ya uzi iache mezani

Tangu nianze kubandika kare (vipande vya mraba) za kroshe, ule ufumaji wa ndoano moja, kwenye mifuko ya koti za kitenge, wateja wananiuliza nilijifunzia wapi. Ni kwa yule mama anayefundisha sebuleni kwake, nyuma ya soko la Nyawera, hapa hapa Bukavu. Nimemaliza mwezi wangu, nililipa pesa yangu mwenyewe, na hakuna aliyenituma kumsifu. Mimi ni fundi cherehani wa Kadutu. Uzi mbaya naujua kwa kuugusa, na walimu wabaya nimewaona wengi, baadhi yao ndio walionifundisha kukata suruali.

Bei ni dola 10 kwa mwezi, Jumanne na Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi. Franga anapokea kwa bei ya siku hiyo. Ukileta dola, lete noti safi. Yenye mchaniko hata mdogo anakurudishia, na nani Bukavu atamlaumu? Juu ya hiyo atakuuliza kama unataka pakiti ya kuanzia: ndoano moja, madonge matatu ya uzi, sindano butu na kimfuko cha kitenge, dola 8. Hapo kwenye pakiti nina maneno, nitayafikia.

Kwanza mafundisho, maana ndiyo yanayostahili pesa. Kare yenyewe ni ile ya vitambaa vya makochi ya bibi zetu. Inaanzia katikati na kukua pande zote nne kwa pamoja. Unafuma mnyororo wa mashono manne, unaufunga kuwa duara. Unapanda mashono matatu ya mnyororo, hayo yanahesabika kuwa bridi ya kwanza, unaongeza bridi mbili ndani ya duara, na fungu moja limetimia. Mashono mawili ya mnyororo, hiyo ni kona. Fungu, kona, fungu, kona, mpaka uwe na mafungu manne na kona nne, kisha unafunga kwa shono la kuteleza, yaani unaingiza ndoano na kuvuta uzi upite moja kwa moja kwenye kitanzi kilichopo. Bridi nayo si mlima: zungusha uzi mara moja kwenye ndoano, ingiza, vuta, utabaki na vitanzi vitatu; pitisha uzi kwenye viwili, halafu kwenye viwili vilivyobaki. Basi.

Hayo yote yako kwenye simu, utaniambia. Ni kweli, na wengi wetu pale sebuleni tulikuwa tumeshayaona kwenye simu. Shida ya simu ni kwamba inakuonyesha mikono ya mtu mwingine, haioni ya kwako. Tena video za Marekani na za Uingereza haziiti shono moja kwa jina moja, kwa hiyo unaweza kufuata maelezo neno kwa neno na kare ikatoka fupi au ndefu kuliko ya pichani. Mama Mwalimu (sote tunamwita hivyo) amelikwepa hilo kwa kuchora. Ana karatasi ya michoro ukutani: kijiduara kirefu ni shono la mnyororo, nukta nyeusi ni shono la kuteleza, na herufi T iliyokatwa kwa kistari kimoja ni bridi. Ukishaijua hiyo unasoma hata mchoro wa Kijapani bila kujua neno moja la Kijapani. Mimi niliyezoea kusoma patroni niliipenda hapo hapo.

Lakini kilichonishawishi zaidi ni sentensi yake moja, ambayo utaisikia mpaka uiote: hesabu mashimo, usihesabu mashono. Kwenye kare hii, baada ya duru ya kwanza, ndoano haitafuti kichwa cha shono. Inaingia kwenye nafasi iliyo wazi kati ya fungu na fungu. Kila kona inapokea mafungu mawili yenye mashono mawili ya mnyororo katikati yake, kila nafasi ya ubavuni inapokea fungu moja. Kwa hiyo duru ya 2 ina mafungu 8, ya 3 ina 12, ya 4 ina 16, na hesabu ya kujikagua ni rahisi mno: duru ya 5, kila upande mafungu 5. Ukikuta manne, umeruka shimo. Ukikuta sita, umejaza mahali pasipotakiwa. Mvua ikifunga na umeme ukikatika, sebule inakuwa na giza la jioni saa tisa, na bado watu wanaendelea kufuma, kwa sababu shimo linasikika kwenye kidole.

Anafumua bila huruma. Anashika kare yako, anaipima kwa macho, anatoa ndoano na kuvuta uzi, frrr, mpaka duru ya kwanza. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, aliyekuwa anakuja moja kwa moja kutoka usingizini, alimsihi: "Mama Mwalimu, ungeniachia hata hii moja nikawaonyeshe watoto nyumbani." Akajibiwa: "Mwanangu, uzi hauishi kwa kufumuliwa. Unaisha kwa kukatwa." Kama huwezi kuvumilia hivyo, usiende. Mimi nimefumua mishono ya watu maisha yangu yote, sikuona ajabu.

Na haishii kufumua, anaeleza sababu. Kare ikijikunja kama bakuli, mnyororo wa kona ni mfupi au mkono unabana. Ikiwa pembezoni inatoa mawimbi, mnyororo ni mrefu mno au umeongeza mafungu. Ikiwa inapinda, kona ya juu inakimbilia upande mmoja, sababu ni kwamba umefuma duru zote ukitazama uso ule ule: bridi hazikai juu ya katikati kabisa, zinaegemea upande, na duru baada ya duru kare nzima inajinyonga. Dawa yake ni kugeuza kazi kila duru, moja usoni, moja mgongoni. Hili sijalisikia kwenye video hata moja niliyotazama, na kwa fundi anayetaka kushona kare kwenye nguo, kare iliyopinda haina kazi.

Kulikuwa na binti anayetumia mkono wa kushoto. Nilidhani atamlazimisha kulia, maana mimi nimelelewa na watu wa namna hiyo. Hapana. Alivuta kiti akakaa uso kwa uso naye, akamwambia atazame mikono yake na kuiga anachokiona mbele yake. Yule binti alikwenda vizuri kutupita wengi. Wa kwanza wa darasa lakini alikuwa kijana wa ISP, chuo cha ualimu, mwanamume peke yake kati yetu. Ndiye aliyetusomea kutoka simu yake kwamba maelezo ya zamani zaidi yanayojulikana ya kare hii yalichapishwa mwaka 1885, kwenye gazeti la wakulima la Marekani, Prairie Farmer. Mama Mwalimu akasema yeye alifundishwa na masista, na masista hawakusema waliyatoa wapi.

Sasa pakiti. Mimi sikuichukua, ila niliichunguza ya jirani yangu kwa ruhusa yake. Ndoano ni ya chuma chepesi, haina namba, na ubavuni ina ukingo mkali wa kiwandani unaokwaruza uzi. Ndoano inatakiwa iandikwe milimita zake. Kwa uzi wa unene wa kati, 4 au 5 inatosha mwanafunzi. Bila namba hujui unanunua nini siku ukitaka nyingine sawa na hiyo. Uzi ni akriliki iliyokunjwa upya kwenye madonge bila karatasi yake. Karatasi hiyo ndiyo inayokuambia ni uzi gani, ni gramu ngapi, ndoano ya ngapi, na namba ya chungu ambamo uzi ulitiwa rangi. Bila hiyo namba, donge la kijani utakaloongeza mwezi ujao halitalingana na la leo. Nikaomba kipande cha ule mwekundu, nikakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na kitambaa cha amerikani. Asubuhi amerikani ilikuwa ya waridi. Fikiria kare nyekundu na nyeupe, kazi ya jioni nzima, na kufuliwa mara moja tu.

Nilimwambia mwenyewe, kwa heshima, pembeni. Alicheka: "Fundi, wewe unapima mpaka chumvi." Halafu akakubali kwamba anachukua anacholetewa na mfanyabiashara wake, na kwamba anayekuja na uzi wake hamkatazi. Hilo nampa alama, maana kwingine ukija na vifaa vyako wananuna.

Kwa hiyo fanyeni nilivyofanya. Nendeni Kadutu kwenye nguo za chagua, yaani mitumba, mtafute sweta kubwa la kufumwa lenye tundu kwenye kiwiko, ambalo hakuna anayelitaka. Kabla ya kulipa ligeuze ndani nje. Kama vipande vimeunganishwa kwa mkono au kwa mnyororo unaofumuka, chukua. Kama pembeni pamekatwa na kupitishwa surjeti, ile mashine inayokata ukingo na kuuzungushia uzi, rudisha, maana ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi na si uzi. Uzi ukitoka umejikunja-kunja, usiogope: uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pachache, uloweke, uutundike na kitu kizito chini mpaka ukauke. Utanyooka. Sweta moja linatoa kare nyingi kuliko pakiti ile, kwa bei ndogo zaidi, na mara nyingine ni sufu halisi.

Kujua kama ni halisi, choma ncha ya uzi juu ya kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu unaloweza kusaga kwa vidole. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inaacha kishanga kigumu cheusi. Hili si udadisi tu. Wengi wetu tunapiga pasi ya makaa, ambayo haina kidude cha kupunguza moto, na akriliki ikiguswa na pasi hiyo inalala, inang'aa na hairudi tena. Mama Mwalimu anafundisha njia nzuri ya kunyoosha bila pasi: lowesha kare, ikamue ndani ya taulo, itandaze juu ya godoro la sponji, choma pini kwenye kona nne kisha kwenye pande, iache ikauke. Mimi sasa naitumia hata kwa lesi.

Asichokifundisha ni kuunganisha kare na nguo. Anakuonyesha kuunganisha kare kwa kare, kwa sindano butu, na namna ya kuficha mikia: acha kama sentimita 15, pitisha ndani ya bridi ukielekea upande mmoja, kisha rudi, ndipo ukate. Akishafika hapo anaishia. Nilipomuuliza kuhusu mashine alisema mashine ni mambo yangu. Sawa. Kwa mafundi wenzangu: mguu wa cherehani unanasa kwenye mashimo, kwa hiyo weka karatasi ya gazeti kati ya mguu na kare, shona juu yake, halafu ichane. Na kabla ya hapo shonea kare kwa mkono kwenye kitambaa cha ndani, isivutike mfuko ukitiwa simu.

Kuhusu pesa: hakuahidi mtu utajiri, na nilimheshimu kwa hilo. Sweta za kufuma zina mashine zake viwandani. Kroshe mpaka leo ni ya mkono, kwa hiyo hakuna namna ya kuiharakisha. Mahesabu yangu ni kwamba blanketi la kare, hapa Bukavu, halilipi. Yale manene ya dukani yanauzwa bei ambayo haitoshi hata uzi wako. Lakini kare moja kwenye mfuko, au mbili kwenye mabega ya koti, mteja anaongeza pesa bila kubishana, kwa sababu hajaiona kwa jirani.

Viti ni vichache. Ukifika saa nane na nusu unakaa kwenye ngazi, na mwanga wa ngazini ni mbaya. Watoto wadogo hawaruhusiwi kwa sababu ya ndoano, anayenyonyesha anaruhusiwa. Na kama unachotaka ni sweta au kofia ya mtoto kwa sindano mbili, usipoteze dola zako kwake; mwulize tu, atakuelekeza kwa mama mwingine mlango wa tatu, ambaye nasikia naye ni mkali.