Bisibisi ya kugonga, kwa disk za breki zilizoganda

Kama unabadilisha disk za breki mwenyewe na ile skrubu ndogo inayoshika disk kwenye hab (kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa) imegoma, achana na bisibisi ya kawaida kabla haijakula kichwa, tafuta hii ya kugonga. Unaweka biti (ile ncha ya kubadilisha) inayokaa sawasawa kwenye skrubu, unaigeuzia upande wa kufungua, unatwanga nyundo nyuma, na pigo lenyewe linakandamiza biti huku linaizungusha, ndo maana haitelezi. Yangu naipenda sana, nzito na mshiko mzuri hata mkono ukiwa na grisi, ila biti zilizokuja nayo ni laini mno, nunua ngumu pembeni.

Sasa skrubu ikitoka bado kuna kutu kati ya disk na hab, hiyo ndo inayosumbua haswa. Puliza mafuta ya kulegeza kutu katikati pale na kwenye stadi (zile boliti za kufungia gurudumu), yape muda, alafu angalia kama disk ina matundu mawili yenye nyuzi, mara nyingi ni M8 (ya boliti za milimita 8), kaza boliti humo kidogo kidogo kwa zamu disk itajisukuma yenyewe. Za nyuma zenye handbreki ndani legeza handbreki kwanza jamani, bila hivyo utagonga bure. Na gari likae kwenye stendi za kushikilia gari, sio jeki tu!

Kabla ya disk mpya piga hab brashi ya waya mpaka ing'ae, kutu ikibaki disk inakaa upande na baadae unaweza kusikia mtetemo ukishika breki.