Mwongozo wa kununua huduma ya kuhifadhi tovuti: ipi kwanza, ipi mwisho

Jioni ya Ijumaa moja mwaka 2019, mkuu wa shule moja ya sekondari binafsi hapa Mwanza alinipigia simu akiniuliza kwa nini wazazi hawazioni fomu za kujiunga kwenye tovuti ya shule. Nilipoifungua nilikuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja tu, unaosema kwamba akaunti imesimamishwa. Ada ilikuwa imelipwa na risiti ninayo. Kampuni iliyotuhifadhia tovuti ilijibu kwamba tumezidi idadi ya faili inayoruhusiwa, ingawa ukurasa wao wa bei ulitangaza nafasi isiyo na kikomo, na nilipoomba nakala ya akiba ya hifadhidata nikaambiwa kwamba nakala hizo zilikaa ndani ya akaunti ileile iliyofungwa. Nakala niliyokuwa nayo mimi ilikuwa na umri wa wiki 11. Tulikaa na karani wa shule Jumamosi na Jumapili nzima tukiandika upya majina ya waombaji kutoka kwenye karatasi, na walioomba kwa mtandao peke yake ilibidi tuwatafute kwa simu, mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo, huduma yoyote ya kuhifadhi tovuti naipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: nikitaka kuondoka leo, nitatoka na mali yangu yote kwa muda gani, na bila kumwomba nani ruhusa? Bei, kasi na uzuri wa paneli ya kusimamia akaunti vinafuata nyuma ya swali hilo, na mpangilio ufuatao umetokana nalo. Nauandika kwa ajili ya msanidi wa programu anayefanya kazi peke yake au na wenzake wawili watatu, mwenye wateja kama wangu: shule, zahanati, hoteli ndogo na wakala wa utalii.

Kwanza: kurasa tuli (zisizo na hifadhidata), pale zinapokidhi haja

Ofisi ya wakili, kanisa au hoteli ya vyumba kumi mara nyingi haihitaji hifadhidata yoyote. Inahitaji kurasa sita, picha nzuri, ramani na namba ya simu inayobonyezeka. Kwa kazi hiyo, GitHub Pages na Cloudflare Pages zinatoa nafasi bila malipo, pamoja na cheti cha usalama, na kwa swali langu hazina mpinzani, kwa kuwa tovuti nzima ipo kwenye kompyuta yangu na katika historia ya Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo; kuhama ni kubadili tu rekodi za kikoa, yaani jina la tovuti. Zingatia masharti, hata hivyo. GitHub Pages ina ukomo wa gigabaiti 1 kwa tovuti na takriban gigabaiti 100 za matumizi kwa mwezi, na haikukusudiwa kuendesha duka la mtandaoni, kwa hiyo kazi za biashara nazipeleka kwingine.

Pili: seva pepe ndogo, kwa kila chenye hifadhidata

Hapa ndipo sehemu kubwa ya kazi zangu ilipo, na ndipo fedha inapoanza kutoka. Seva pepe, ambayo wengi tunaiita VPS, ni sehemu ya mashine kubwa uliyokatiwa wewe peke yako, yenye kumbukumbu yake, diski yake na ufunguo wake. Anayejua maisha ya nyumba ya kupanga ataelewa tofauti haraka. Kwenye seva ya kuchangia, yenye wateja wengi kwenye mashine moja, mnatumia mita moja ya LUKU, na jirani mwenye friji na pasi anamaliza uniti zenu wote kabla ya wiki kuisha. Kwenye seva pepe mita ni yako.

DigitalOcean, Hetzner na Linode, ambayo tangu 2022 iko chini ya Akamai, ndizo majina utakayoyasikia zaidi. Kipimo cha kuanzia ni seva ya gigabaiti 1 ya kumbukumbu, ambayo kwa DigitalOcean nimekuwa nikiilipia dola 6 kwa mwezi, yaani dola 72 kwa mwaka, ikiwa na diski ya gigabaiti 25. Hetzner kwa kawaida inakupa kumbukumbu zaidi kwa fedha ileile, na seva zake za Ulaya zinakuja na kiwango kikubwa sana cha data inayotoka, jambo linalofaa kwa tovuti zenye picha nyingi. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya nakala za akiba za kampuni yenyewe, na usiione asilimia hiyo kuwa ya hiari.

Gigabaiti 1 inatosha kuendesha mfumo wa Laravel (kiunzi cha kujengea programu za tovuti kwa lugha ya PHP) wenye watumiaji mia kadhaa kwa siku, lakini haitoshi kuujenga. Mara ya kwanza nilipoamuru npm, chombo cha kushusha na kujenga vifurushi vya JavaScript, ijenge kurasa za mfumo wa zahanati moja kwa moja kwenye seva, mistari ilitembea kwa dakika mbili, ikasimama, kisha likatokea neno moja, Killed, na kiashiria kikarudi kungoja amri. Hakukuwa na kosa lolote kwenye msimbo. Kumbukumbu ilikuwa imejaa, na mfumo wa uendeshaji ukaamua kuua kilichokula nyingi zaidi. Tengeneza faili ya swap, yaani sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu ikijaa, ya gigabaiti 2 siku ileile unapowasha seva, au jengea kwingine: GitHub Actions, inayojenga msimbo kwenye mashine za GitHub, inatoa dakika 2,000 kwa mwezi bila malipo kwa hazina binafsi za msimbo, nazo zinatosha kabisa kwa msanidi mmoja.

Kuna faida nyingine ya seva pepe ambayo huku kwetu ina uzito wa pekee, nayo ni bando. VS Code, programu ya kuandikia msimbo, inaweza kuunganishwa na seva kwa njia ya SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ukahariri faili zilizoko Ujerumani kana kwamba ziko mezani kwako, na vifurushi vyote vya npm na Composer (mwenzake wa PHP) vikashushwa na seva kwa mtandao wake. Kazi iliyokuwa ikinimalizia bando la wiki kwa siku mbili sasa inatumia kiasi kidogo sana. Ndani ya seva fungua tmux, programu inayoshikilia kazi hata ukitoka, kabla ya kuanza kazi ndefu, ili umeme ukikatika au mnara ukiyumba, kazi iendelee na uikute ulipoiacha.

Umbali ni gharama halisi, na inafaa kuuelewa kabla ya kuulalamikia. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 70 hata ingekuwa waya umenyooka. Haujanyooka, unazunguka baharini, na mimi napima kati ya 150 na 200. Kwa ukurasa uliotengenezwa kwa uangalifu mtumiaji hahisi chochote. Kwa ukurasa unaoomba faili 80 kutoka sehemu mbalimbali, anahisi, na dawa yake ni kupunguza faili hizo kabla ya kufikiria kuhamisha seva.

Udhaifu wa chaguo hili ni kwamba mlinzi wa seva ni wewe. Chagua toleo la Ubuntu linalopata masasisho kwa miaka mitano, washa masasisho ya usalama ya kujiendesha, zuia kuingia kwa nenosiri na uache ufunguo wa SSH peke yake, na vyeti vya usalama wa tovuti uvichukue Let's Encrypt, vinavyotolewa bila malipo na kuhuishwa vyenyewe kabla ya siku 90 kwisha. Kama hayo hutaki kuyafanya, au huna muda nayo, shuka kwenye chaguo la tatu bila kuona haya, kwa sababu seva pepe isiyotunzwa ni hatari kuliko akaunti ya kuchangia inayotunzwa na mwingine.

Na nakala ya akiba isikae kwa kampuni ileile tu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza vyote kwa sababu nakala zao zilikuwa kwenye kiwanja hichohicho. Mimi natumia restic, programu ya nakala za akiba, kila usiku kutuma nakala kwa kampuni ya pili katika nchi nyingine, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naichukua nakala moja na kuifufua kwenye seva tupu. Hilo la kufufua ndilo watu wanaloliacha. GitLab, kampuni yenye wahandisi wengi na hodari, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya tarehe 31 Januari 2017, na ndipo ikagundua kwamba njia zake za nakala zilikuwa hazifanyi kazi ilivyodhaniwa. Iliokolewa na nakala iliyotokea kuwepo, iliyochukuliwa muda wa saa sita kabla ya kosa hilo.

Tatu: seva ya kuchangia, ya hapa nchini

Mteja ambaye ataendesha tovuti mwenyewe baada ya mimi kuondoka namshauri achukue kampuni ya hapa. Sababu ya kwanza ni malipo: analipa kwa M-Pesa au Airtel Money na kupewa risiti ya EFD ambayo mhasibu wake anaikubali, wakati kadi ya benki iliyokataliwa usiku mmoja inaweza kuzima seva ya ng'ambo bila mtu kujua. Sababu ya pili ilionekana wazi tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na mtandao wa nchi nzima ukadhoofika kwa siku kadhaa. Tovuti zangu zilizokuwa Ulaya zilijikokota au hazikufunguka kabisa, na moja iliyokuwa kwenye seva ya Dar es Salaam ilifunguka kama kawaida kwa watumiaji wa ndani.

Faida hiyo ipo iwapo seva iko nchini kweli. Kampuni nyingi zenye ofisi Dar es Salaam au Nairobi huuza nafasi kwenye mashine zilizoko Ulaya au Marekani, na si kosa, ila unapaswa kujua unachonunua. Omba anwani ya tovuti ya mteja wao mmoja uipime kwa ping, amri inayoonyesha muda wa jibu la seva, ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani. Jibu la milisekunde 20 ni la hapa, jibu la 180 limevuka bahari.

Kabla ya kulipa, andika barua pepe yenye maswali manne na uihifadhi pamoja na majibu. Idadi ya faili inayoruhusiwa ni ngapi? Nakala za akiba zinakaa wapi, na ninaweza kuzishusha mwenyewe hata akaunti ikiwa imesimamishwa? Mnatoa toleo gani la PHP? SSH imefunguliwa? Kampuni inayokupa PHP 7.4 kama toleo jipya kabisa ikimbie, kwani toleo hilo liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Bei nayo iulizie ya mwaka wa pili. Tangu 2019 cPanel, paneli inayotumika kwenye seva nyingi za kuchangia, inawatoza wenye seva kwa idadi ya akaunti, na gharama hiyo haikosi njia ya kumfikia mpangaji.

Kwa mifumo yenye taarifa za wagonjwa au wanafunzi kuna jambo la kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kuhamishia taarifa nje ya nchi, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Zahanati niliyoitaja hapo juu niliihamishia kwenye seva pepe ya ndani, ghali kuliko ya Ulaya, na sijutii.

Nne na tano, kwa ufupi

Majukwaa kama Heroku, Render na Vercel yanakuondolea kazi ya kulinda seva: unasukuma msimbo kwa Git, nao wanaendesha. Ni mazuri kwa majaribio na kwa timu yenye fedha. Usijenge biashara ya mteja juu ya ngazi yao ya bure, kwani Heroku ilifuta ya kwake tarehe 28 Novemba 2022 na waliokuwa juu yake walilazimika kulipa au kuhama. AWS, huduma ya seva ya Amazon, inakuja baada ya hapo. Ina kituo Cape Town tangu 2020 na inaweza karibu kila kitu, lakini bili yake inahesabu vitu vingi mno, hasa data inayotoka, kiasi kwamba siwezi kumtajia mteja mdogo bei ya mwaka kwa uhakika.

Mwisho: punguzo kubwa la ng'ambo

Hizi ndizo zinazotangaza bei ya chini sana kwa mwezi, ukifika kwenye malipo unaambiwa ulipe miaka mitatu kwa mkupuo, na ikiisha bei inapanda mara kadhaa. Fedha ikishatoka, nguvu ya kuondoka imekwisha. Ile akaunti ya shule ilikuwa ya aina hii.

Kikoa kinunuliwe peke yake

Usichukue kikoa cha bure kinachokuja na kifurushi. Kinunue kwa wakala mwingine, na kwa .co.tz au .or.tz hakikisha ni wakala anayetambuliwa na msimamizi wa vikoa vya .tz, ili ugomvi na mwenye seva usikunyime jina lako. Mwenye kikoa awe mteja, kwa jina lake halisi, si msanidi. Na barua pepe ya usajili isiwe ya kikoa hichohicho, kwa sababu kikoa kikiisha muda, ujumbe wa kukumbusha utatumwa kwenye sanduku lililofungwa pamoja nacho.