Wifi kanuna, wifi kacheka: nyota tatu na nusu kwa ICT ya chuo chetu

Nianze na nyota kabisa maana najua wengi mnakuja kuangalia hizo tu: tatu na nusu kati ya tano kwa ICT, ile idara inayosimamia mtandao na mifumo ya kompyuta ya chuo. Ningeulizwa nikiwa mwaka wa kwanza ningetoa moja, na hiyo moja ningempa yule mlinzi wa maabara ya kompyuta aliyekuwa anatuachia tuchaji simu. Jina la chuo silitaji, bado nakidai cheti, ila ni chuo cha umma hapa Dar na kusema kweli ukibadilisha geti tu stori hii ni ya vyuo vingi. Niliingia Novemba 2022, nimemaliza Julai 2025, kwahiyo nimeona kipindi kibovu na kipindi cha matengenezo, na nina la kusema kuhusu kilichosaidia na ambacho kilikuwa kelele tu.

Hosteli tulikuwa na msemo, "wifi kanuna". Unaamka asubuhi simu inaonyesha mistari yote minne, imejaa kabisa, ukigusa inaandika inatafuta anwani ya IP, inazunguka, inazunguka, inakata. Wifi wa chuo alikuwa kama mawifi wa ukweni, yupo sebuleni unamuona ila salamu haitikii. Sisi wote tulijua tatizo ni spidi ndogo, kwenye kila kikao cha serikali ya wanafunzi mtu ananyoosha mkono anadai chuo kiongeze MB, makofi, na mwaka ule kweli wakaongeza, wakabandika na tangazo pale kantini. Wifi akaendelea kununa vilevile.

Sasa kilichokuwa kinatokea nilikuja kuelezwa na kaka mmoja wa ICT tukiwa tumekaa kwenye kimbweta, na toka siku hiyo nawaheshimu hawa watu. Kila simu ikiingia kwenye mtandao inapewa anwani yake, na ule mtandao wa upande wetu ulikuwa umepangwa na anwani 254 basi. Akaniambia chukulia ni gesti ya vyumba 254, mtu akipita kuchungulia tu mapokezi chumba kinaandikwa chake mpaka kesho saa hizi hizi, hata kama kashaenda zake Mwenge. Yaani mwanafunzi anakatiza koridoni simu ipo mfukoni, hajaitoa, imeshachukua chumba masaa 24. Ikifika saa nne asubuhi gesti imejaa na ndani hakuna mtu! Walichofanya ni kupunguza ule muda ukawa lisaa limoja na kuongeza idadi ya anwani, kazi ya mchana mmoja kwenye kompyuta, hakuna waya ulionunuliwa, na wiki ile ile hosteli watu wakaanza kushusha muvi. Hela ya kuongeza MB ilitangulia, dawa ikaja baadaye tena bure. Hapa ndo nilipoelewa kwamba miaka yote tulikuwa tunalalamikia upana wa barabara kumbe geti ndo limefungwa.

Ukumbi mkubwa wa mihadhara ni kesi nyingine na haijaisha. Kule darini kuna vile visahani vyeupe viwili vya kurusha wifi, watu mia nne na kitu chini yake. Masafa yale ya zamani ya wifi, ya GHz 2.4, yana chaneli tatu tu zisizogombana, ya 1, ya 6 na ya 11, afu na sisi tunavyoona wifi inasuasua kila mtu anawasha hotispoti yake, kwahiyo tunaongeza redio zingine hamsini humo humo ndani zinapigiana kelele. Tunajiroga wenyewe hapo, naomba tukubali.

Umeme nao. Mgao ule wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Nyerere haujaanza kusukuma umeme Februari, sisi laptopu zina chaji ila umeme ukikatika wifi inaondoka nao sekunde ile ile, maana betri za kwenye makabati ya swichi, vile vifaa vinavyogawa mtandao, zilikuwa zimekufa siku nyingi. Sasa hivi maktaba wamebadilisha, umeme ukikatika unapata kama dakika arobaini za kumalizia kazi yako. Hosteli bado.

Haya tuje kwenye dirisha lenyewe la huduma pale ICT. Zamani ukisahau paswedi ya mfumo unapanda mpaka ofisi ya ICT, pale mezani kuna kaunta buku limechakaa kona zote, peni imefungwa kamba ya katani isiibiwe, unaandika jina, namba ya usajili, tatizo, tarehe. Safu ya mwisho imeandikwa "hatua iliyochukuliwa" na nakuapia nimefunua kurasa za nyuma, safu ile ni nyeupe peee. Unaambiwa njoo kesho. Kesho ukija aliyekuandikisha yuko semina Dodoma.

Siku hizi unabadilisha paswedi mwenyewe, namba ya siri inakuja kwa meseji kwenye simu, dakika mbili umemaliza. Safi sana, hapa nyota kamili. Ila wamesahau kwamba wanafunzi tunabadilisha laini kama soksi, aliyesajiliwa na laini ya babake aliyeko Kibondo inabidi ampigie mzee, "Shikamoo baba, kuna meseji imekuja ina namba sita, naomba unisomee", mzee anadhani katapeliwa anakata simu. Hii nimeishuhudia kwa rumeti wangu, baba yake alienda mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji na ile simu.

Na wameweka tiketi. Ukiripoti tatizo unapewa namba, unaona imeshikwa na nani, imefika wapi. Wengi walicheka mwanzoni wakasema ni usanii wa kizungu, mimi naona ndo kitu kikubwa kuliko vyote walivyofanya kwasababu ilikuwa mara ya kwanza malalamiko yanahesabika. Yule kaka wa kimbweta aliniambia shida ya anwani za IP iligundulika hivyo hivyo, tiketi zilikuwa zinajaa kuanzia saa nne asubuhi na kupungua jioni, kila siku, mtu akaangalia akajiuliza kwanini saa nne. Kwenye lile kaunta buku hakuna mtu alikuwa anaandika saa.

Sasa lile lililonitoa jasho, kontroo namba. Kwa msiojua, ada za vyuo vya umma zinapita GePG, lango la malipo la serikali lililoanza 2017. Mfumo wa chuo unatuma bili kule, inarudi namba ya tarakimu 12, unalipa benki au kwa simu, taarifa inarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Ikifanya kazi ni raha, hakuna kupanga foleni na risiti ya benki mkononi kama walivyokuwa wanafanya kaka zetu. Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, bumu (hela ya mkopo) limeingia, nikalipa kiasi kilichobaki, meseji ya malipo ikaja, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Asubuhi nafungua mfumo nichukue tiketi ya mtihani, maandishi mekundu: UNADAIWA.

Nikaenda uhasibu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hilo nenda ICT." ICT: "Mkuu hilo sio letu, ni la uhasibu." Nimerudi uhasibu, mama kaenda chai. Nimetembea kati ya yale majengo mawili mara tatu kwenye jua la saa saba, begani laptopu, kichwani picha ya sapu, mtihani wa marudio, kwenye somo ambalo sijalifanya. Mara ya nne ndo nikamkuta dada mmoja pale dirishani, hata hakuniuliza ada, akageuza skrini yake kwangu akaniambia "hebu angalia mwenyewe". Kulikuwa na mistari miwili yenye jina langu. Kumbe mwezi uliopita niliomba kontroo namba nikaiacha, afu nikaomba nyingine, siku ya kulipa nikalipia ile ya kwanza iliyokuwa kwenye meseji za zamani. Hela ilifika, ila mfumo ulikuwa umeshikilia bili ya pili unaisubiri ilipwe. Akabonyeza, akaandika kitu, akapiga simu uhasibu, dakika sita. Dada yule sijui jina lake, ila siku ile angeniomba figo ningejadiliana naye.

Kinachonifurahisha ni kwamba muhula uliofuata walirekebisha, ukiomba namba mpya wakati ya zamani bado hai unarudishiwa ile ile ya zamani. Kitu kidogo hicho, sijui kimeokoa soli ngapi za viatu.

Usajili wa masomo pia umepoa. Zamani wiki ya mwisho tulikuwa tunaweka alamu saa tisa usiku ndo mfumo unafunguka, chuo kizima kimeamka, taa zinawaka hosteli kama kuna msiba. Sasa wanagawa siku kwa kitivo, na imetosha. Ukurasa wa matokeo sijui nani kalogwa nao bado, matokeo yakitoka unafungua, kabla ya kuona GPA yako inabidi ishuke kwanza picha ya mahafali ya MB 4, watu wamerusha kofia, wewe unatetemeka hujui kama umedisko, yaani umefukuzwa kwa kufeli. Nilishafungua tiketi kuhusu hiyo picha. Ikabadilishwa, ikawekwa ya mahafali ya mwaka uliofuata.

Kuna siku moja niliwapa heko kimoyomoyo. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini na intaneti Tanzania nzima ikawa ya kunyonya kwa mrija. Bando ninalo, meseji haiendi. Sisi tulikuwa na kwizi kwenye mfumo wa masomo, ile Moodle ya chuo, tukajua imeahirishwa, tukalala. Wapi! Seva ipo hapa hapa chuoni, ukiwa kwenye mtandao wa ndani hauhitaji hata tone la bahari, kwizi ikafunguka kama kawaida na mwalimu akasema hana huruma. Barua pepe ya chuo ambayo ipo Google ndo ilikuwa inagoma. Wakongwe walikuwa wanatusimulia enzi za kuhifadhi kitu bila kikomo kwenye akaunti hizo, Google walishabadilisha 2022 wakaweka TB 100 kwa chuo kizima, kwahiyo sisi tulipewa kipimo cha kijiko kila mtu.

Eduroam nayo, wifi ya vyuo inayokuruhusu kuingia hata kwenye vyuo vingine kwa paswedi ya chuo chako, wameileta kupitia TERNET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti hapa nchini, na ni kitu kizuri ambacho nusu ya wanafunzi hawajui kama wanacho. Rafiki yangu alienda kongamano Nairobi, anashuka kwenye gari uwanjani kwa wenzetu, simu ikajiunga yenyewe kwa paswedi ile ile ya huku. Akanipigia video kunionyesha koridoni. Ukitaka usumbufu mdogo iwashe ukiwa chuoni kwanza, usisubiri ufike ugenini.

Maabara ya kompyuta nawapa sifuri na siombi radhi. Kompyuta arobaini, zinazowaka sijawahi kuhesabu zaidi ya ishirini na tano, na ni Windows 10 ambayo Microsoft waliacha kuisapoti Oktoba 14, 2025, mashine zenyewe nyingi ni za zamani mno kupandishwa toleo. Ukichomeka fleshi yako pale inatoka na wageni, mafolda yote yamegeuka shotikati. Wa steshenari nje ya geti wanakujua kwa sura, wanakuuliza "umetokea maabara?" kabla hawajaruhusu fleshi iguse mashine yao.

Kwa anayeingia mwaka wa kwanza: sajili laini yako mwenyewe siku ya kwanza, omba kontroo namba moja tu uifuate hiyo hiyo, na ukipata shida fungua tiketi usiishie kulalamika kwenye grupu la darasa, pale hakuna fundi. Dirishani nenda asubuhi kabla ya saa tatu, omba salamu kwanza, wale watu wanagombezwa kutwa nzima kwa makosa ambayo mengine ni ya Tanesco.

Juzi nimeenda kufanya kliarensi, ule ukaguzi wa kuondoka chuoni bila deni, fomu ina kisanduku cha ICT cha kusaini. Dada akaangalia kwenye mfumo akasema "mdogo wangu hudaiwi kitu, ila una tiketi moja haijafungwa". Ni ile ya betri za wifi hosteli, niliifungua Machi. Imeandikwa "inashughulikiwa".