Stendi ya kukodi iliyoniangushia kamera Isimila

Kuna duka Iringa mjini linakodisha vifaa vya picha, jina silitaji. Wamenikosesha asubuhi niliyoingojea tangu masika yaishe.

Nianze na haki yao. Lenzi pana waliyonipa ilikuwa safi, haina vumbi wala ukungu, na bei ya siku haiumizi. Kwa lenzi ningesema nendeni tu. Shida ni stendi, ile ya miguu mitatu ya kushikilia kamera.

Mimi Isimila, lile korongo la nguzo za udongo nje ya Iringa, siendi kupiga ile picha ambayo kila mtu anayo, ya kusimama ukingoni na nguzo zote zimejipanga mbele yako. Nguzo zile zimechongwa na maji ya mvua. Yamekula udongo laini tabaka kwa tabaka, yakaacha palipokuwa pagumu. Ukitaka kuziona kweli, shuka korongoni yalikopita maji yenyewe, halafu tazama juu. Kamera ikikaa sentimita 10 kutoka mchangani, nguzo zinainamiana, anga inabaki kipande kidogo katikati, na tabaka unaweza kuzihesabu. Jua la asubuhi likizipiga ubavuni, zinakuwa na rangi ya chungu kilichotoka motoni. Likipanda kidogo, rangi imekwenda.

Ili kamera ishuke hivyo, mhimili wa kati wa stendi unageuzwa juu chini, kamera inaning'inia katikati ya ile miguu mitatu. Nilikaza kila kitu, nikarudia kukaza. Nimelala kifudifudi, jicho kwenye kamera, nasikia "tak", lenzi hiyo imetangulia kwenye changarawe. Kuangalia, pale kichwa cha stendi kinapofungwa pamezungushwa selotepu nyeusi, imekatwa kwa uangalifu isionekane. Nikaibandua. Chini yake ufa unaoingia ukucha. Walijua! Selotepu haijifungi yenyewe penye ufa.

Kioo kilisalimika, namshukuru Mungu, ila ukingo wa mbele wa lenzi umebonyea.

Nikarudi mjini, kilometa 20 hivi, nimeinyamazia hasira yangu njia nzima. Nikamsalimia mwenye duka "kamwene", kama ninavyosalimia watu wote Iringa. Hakuitikia. Akaigeuzageuza lenzi, akaniambia mbele ya wateja: "Dada, nani alikutuma ulale chini upige picha mawe? Stendi hii inaenda harusini kila Jumamosi, haijawahi kuanguka." Nikamwonyesha ufa. Akasema nimeupasua mimi. Na selotepu je? Akaangalia pembeni. Kitambulisho changu akakishikilia mpaka nikatoa elfu 40 ya ule ukingo.

Pesa nitatafuta nyingine. Lile neno "mawe" ndilo lililonikaa kooni. Anaishi mji wenye mwamba wa Gangilonga juu yake, jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linalosema, wazee wanasimulia Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akikaa pale kutafakari. Halafu kwake jiwe halistahili picha mpaka bibi harusi asimame mbele yake?

Pale juu nimesema kwa lenzi nendeni. Nafuta. Msiende hata kwa kukodi betri.

Ila kijana wao alinifuata mpaka nje, akasema taratibu, "Pole sana dada, hiyo stendi tulishamwambia aitupe." Huyo kijana siku akifungua duka lake, mimi nitakuwa mteja wake. Na maneno yake yamenizidishia hasira, maana mwenye duka aliambiwa kabisa, akaamua kunipa hivyo hivyo.

Baada ya kamera kuanguka nilikunja kanga, nikailaza kamera juu yake mchangani, nikapiga haraka haraka jua halijapanda. Nilipata tatu. Moja kati ya hizo, nguzo mbili karibu zigusane vichwa, sijawahi kupiga nzuri kama hiyo kule. Kwa hiyo mnaoniuliza mkodi stendi wapi, shoneni kimfuko cha kitambaa, mtie maharage kilo moja, msikijaze sana. Kamera inazama humo na kutulia upande wowote unaoutaka, hata kama imeelekea juu moja kwa moja. Mimi changu nimeshakishona.